Tigre si chui milia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufasiri majina ya wanyamapori wa Amerika Kusini kutoka Kihispania kwenda Kiingereza

Mimi hufasiri ripoti za hifadhi, filamu za wanyama na mara mojamoja vitabu vya watoto, kutoka Kihispania kwenda Kiingereza. Wafasiri wenzangu wa Kiswahili, wanaofanya kazi kama yangu au wanaopokea Kiingereza hicho ili wakitie Kiswahili, huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majina ya Kihispania na ya lugha za wenyeji nimeyaandika kwa mlazo, ya Kiingereza nimeyatia alama za nukuu.

Kamusi inasema *tigre* ni "tiger", na mteja naye anang'ang'ania hivyo. Nimjibu nini?

Mjibu kwamba chui milia hajawahi kuishi katika mapori ya Amerika Kusini. Wahispania walipofika kule walikuta paka mkubwa mwenye madoa, wakambandika jina la paka mkubwa waliyemjua kwa kusikia. Jina likabaki vinywani mwa watu wa mashamba, kuanzia Venezuela hadi Argentina. Vitabuni ni *jaguar*, na Argentina na Paraguay wengi husema *yaguareté*, neno la Kiguarani. Kwa Kiingereza wote hao ni "jaguar", basi. Hata mji wa Tigre, ulio kwenye delta ya mto Paraná karibu na Buenos Aires, umepata jina lake kwa mnyama huyohuyo.

*León* ana kisa kilekile. Mchungaji wa Patagonia akilalamika kwamba *león* kamuulia kondoo, anamsema puma. Niliwahi kusikia simulizi ya Kiswahili ambamo "simba" walikuwa wakiwinda kwenye theluji, kusini kabisa mwa Chile. Msimulizi hakuwa na kosa. Alikabidhiwa "lion" na mtu aliyefasiri kwa kamusi peke yake, naye akaifikisha kama alivyoipokea.

Ukishajua kwamba ni puma, bado una kazi ya kuchagua, maana Kiingereza kina "puma", "cougar", "mountain lion", na kule Florida "panther". Kwa habari za Amerika Kusini mimi huandika "puma", neno lililotoka Kiquechua, la hukohuko Andes. "Mountain lion" humpeleka msomaji California bila nauli.

Na *tigrillo*? Ni mtoto wa *tigre*?

Hapana. Ni jina la jumla la paka wadogo wenye madoa. Anaweza kuwa "ocelot", "margay" au "oncilla", kutegemea nchi na hata wilaya. Kama maandishi hayana picha wala jina la kisayansi, andika "small spotted cat" na umwachie mteja swali pembeni. Kukisia ni kubaya zaidi kuliko kuuliza.

Kwa nini majina haya yamevurugika hivi?

Hayajavurugika kuliko ya kwetu. Sisi tuna fisi maji, na hakuna Mswahili anayedhani ni fisi. Tuna pundamilia, na mtu akimfasiri "striped donkey" tutamcheka hadi jioni. Mgeni akifika mahali huwapa wanyama wapya majina ya wanyama wa kwao, mwenyeji naye anaendelea na majina yake. Amerika Kusini ina Kihispania cha wageni juu ya Kiquechua, Kiaymara, Kiguarani, Kimapuche na lugha nyingine nyingi, kwa hiyo mnyama mmoja hutembea na vitambulisho vitano.

Nikikutana na jina nisilolijua, nianzie wapi?

Anzia kwenye nchi. Kabla ya kufungua kamusi uliza: aliyeandika haya ni mtu wa wapi? Chukua yule mgugunaji mkubwa kuliko wote duniani, anayeshinda majini na kupita kilo 50. Argentina na Uruguay ni *carpincho*. Venezuela ni *chigüire*, Kolombia *chigüiro*, Peru *ronsoco*. Majina manne, mawili tu kati yake yanayofanana, na Kiingereza chake ni kimoja: "capybara". Asiyejua hilo anaweza kuandika ripoti yenye wanyama wanne palipo na mmoja. Nimeshawahi kupewa kuhariri ripoti ya aina hiyo.

Ukishapata nchi, tafuta jina la kisayansi, hapa *Hydrochoerus hydrochaeris*. Hilo ndilo daraja: unapanda nalo kutoka Kihispania, unashuka nalo kwenye Kiingereza. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na orodha za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, huonyesha majina ya kawaida kwa lugha zaidi ya moja. Kwa ndege, eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, hukuruhusu kuchagua Kihispania cha nchi fulani, mathalani cha Argentina au cha Chile, jambo ambalo kamusi ya kawaida haikupi.

Amerika Kusini ina *oso* wangapi?

Ukisoma Kihispania utadhani bara limejaa dubu. Dubu wa kweli ni mmoja tu, *oso de anteojos* wa Andes, mwenye alama nyeupe kuzunguka macho kama aliyevaa miwani. Kwa Kiingereza ni "spectacled bear" au "Andean bear". Ripoti za kisasa hupendelea hilo la pili.

Waliobaki ni *oso* wa jina. *Oso hormiguero* ni "giant anteater", mla mchwa mwenye mkia kama ufagio. Kwenye nyanda za Llanos, Kolombia na Venezuela, huyohuyo ni *oso palmero*. *Oso melero* ni ndugu yake mdogo, "tamandua". *Osito lavador* ni rakuni, na kwa sehemu kubwa ya Amerika Kusini ni "crab-eating raccoon".

Halafu kuna *oso perezoso*, aliyeniaibisha mimi. Ilikuwa filamu fupi ya msituni Kolombia, kazi ya haraka, saa nane za usiku. Maneno yalikuja bila picha. Nikaona *oso perezoso*, nikakumbuka kwamba Kiingereza kina "sloth bear", nikaandika na kwenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Asubuhi mteja akanitumia picha moja ya skrini bila salamu. Mnyama mwenye sura ya kutabasamu, kucha tatu ndefu, ananing'inia kwenye tawi kama kikapu kilichosahauliwa, na chini yake maandishi yangu: "The sloth bear rarely leaves its tree." Huyo ni "sloth" tu. "Sloth bear" ni dubu wa kweli wa India, Nepal na Sri Lanka, hana hata shangazi Amerika.

Nilijifariji baadaye nilipojua kwamba mwaka 1791 mtaalamu wa Uingereza, George Shaw, alimpa yule dubu wa India jina la kisayansi la *Bradypus ursinus*, akimhesabu katika jamii ya hawa wanaoning'inia. Kosa langu, basi, lina ukoo mzuri. Malipo yalikatwa vilevile.

Mvenezuela ameandika kwamba mto umejaa *babas*. Ni nini hicho?

Usicheke. Katika Kihispania cha kawaida *baba* ni udenda, na programu za tafsiri zinaweza kukutolea hivyohivyo: mto umejaa udenda. Kwetu ndiyo usiseme, mto umejaa akina baba. Kwenye Llanos za Venezuela *baba* ni mamba mdogo, *Caiman crocodilus*, kwa Kiingereza "spectacled caiman". Upande wa Kolombia huitwa *babilla*.

Mtego wenyewe unakuja sentensi inayofuata. Mvenezuela huyohuyo akiandika *caimán*, mara nyingi hamaanishi "caiman". *Caimán del Orinoco* ni *Crocodylus intermedius*, mamba wa kweli, mkubwa, aliye hatarini kabisa kutoweka. Kiingereza chake ni "Orinoco crocodile". Kwa hiyo *baba* unamwandika "caiman", na *caimán* unamwandika "crocodile". Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha uibandike ukutani. Pwani ya Kolombia *caimán aguja* naye ni mamba wa kweli, "American crocodile".

Ukishuka kusini mambo hubadilika tena. Argentina na Paraguay wanasema *yacaré*, ambaye ni "caiman". Bolivia na Peru wanasema *lagarto*, neno ambalo Hispania ni mjusi, na pale Amazonia ni "caiman" vilevile. Kiingereza chenyewe kiliwahi kunaswa na neno hilo: "alligator" imetokana na *el lagarto*. Lakini "alligator" usiiandike popote Amerika Kusini, haishi huko.

*Lobo* ni mbwamwitu?

Karibu kamwe. Kwenye pwani, *lobo* ni *lobo marino*, na hapo wapo wawili. *Lobo marino de un pelo* ni "South American sea lion". *Lobo marino de dos pelos* ni "South American fur seal". Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "mwenye unywele mmoja" na "mwenye nywele mbili", na nimeiona ikichapishwa. Kinachosemwa ni manyoya: wa pili ana tabaka la ndani, laini na zito, lililowavutia wawindaji wa ngozi. Isla de Lobos ya Uruguay, karibu na Punta del Este, ni kisiwa cha wanyama hawa. Jina la mahali liache lilivyo.

Kwenye mito ya Peru *lobo de río* ni fisi maji mkubwa, "giant otter". Argentina huyo ni *lobo gargantilla*, kwa ajili ya baka jeupe la shingoni. Venezuela ni *perro de agua*. Mbwa wa maji, mbwamwitu wa mto, na sisi fisi wa maji: inaelekea kila mtu aliyemwona huyu mnyama alitazama meno kwanza.

Nchi kavu kuna *lobo de crin*, au *aguará guazú* kwa Kiguarani, mwenye miguu mirefu kama amepanda ngongoti. Kiingereza chake ni "maned wolf". Si mbwamwitu, na si mbweha pia, lakini hapo Kiingereza kimeshaamua na wewe huna kura.

*Nutria* je? Hilo neno lipo hata kwenye Kiingereza.

Ndiyo maana linaua. Hispania *nutria* ni fisi maji, "otter". Argentina *nutria* kwa kawaida ni *coipo*, mgugunaji wa majini mwenye meno ya rangi ya machungwa, aliyefugwa na kuwindwa kwa ajili ya ngozi. Wamarekani walimchukua pamoja na jina, kwa hiyo kwao ni "nutria", na mabwawa ya Louisiana yanamjua vizuri kwa uharibifu. Waingereza wanasema "coypu". Walimwingiza, akawatoroka mashambani, wakammaliza kabisa nchini mwao mwaka 1989.

Utaratibu wangu: mwandishi akiwa wa Argentina na habari ikiwa ya ngozi au nyama, ni "coypu" kwa msomaji wa Uingereza na "nutria" kwa wa Marekani. Ikiwa mnyama anakula samaki, simama. Huyo ni "otter", kwa sababu *coipo* hula majani. Chile wametuhurumia: *coipo* ni *coipo*, fisi maji wa mito ni *huillín*, wa baharini ni *chungungo*.

Nipe mifano mingine ya jina moja lenye wanyama wawili.

*Carachupa*: kwenye Amazonia ya Peru ni "armadillo", Bolivia ni "opossum". Neno ni la Kiquechua, maana yake mkia usio na manyoya, na kwa kweli mikia yao wote wawili iko hivyo.

*Comadreja*: Hispania ni "weasel", Argentina ni "opossum". *Hurón*: Hispania ni "ferret", Argentina ni "grison". *Tonina*: mto Orinoco ni pomboo wa waridi, "Amazon river dolphin", pwani ya Argentina *tonina overa* ni "Commerson's dolphin", mweusi na mweupe.

*Tití* ndiye msumbufu zaidi, kwa sababu Kiingereza kina "titi monkey" na mfasiri hudhani kazi imekwisha. *Tití cabeciblanco* wa kaskazini magharibi mwa Kolombia, yule mwenye nywele nyeupe zilizosimama kama aliyeshtuliwa usingizini, ni "cotton-top tamarin". Yule ambaye Waingereza humwita "titi monkey", Peru huitwa *tocón*. Aliyepanga haya hakutupenda.

*Chancho de monte*, *perro de monte*: hawa ni wa milimani?

*Monte* katika Amerika Kusini ni pori, kichaka, msitu. Mlima ni *montaña* au *cerro*, ingawa Peru hata *montaña* yaweza kuwa msitu. Mfikirie mtu wa bara akisema "nimetoka porini", hapo umemwelewa *monte*. Kwa hiyo *chancho de monte*, kwa neno nguruwe wa porini, ni "peccary" na *perro de monte* kwa kawaida ni "bush dog". Kuna "collared peccary", ambaye Peru ni *sajino*, na "white-lipped peccary", ambaye ni *huangana*. Usiwachanganye, wa pili hutembea kundi kubwa na watu hupanda miti wakimsikia.

*Monito del monte* wa misitu ya Chile na Argentina, kwa jina "katumbili ka porini", si tumbili wala panya. Ni mnyama mdogo anayebeba watoto mfukoni, na ukoo wake uko karibu na wanyama wa Australia. Kiingereza kimekata tamaa na kimemwacha "monito del monte". Nawe mwache.

*Zorrillo* ni mbweha mdogo?

Kwa umbo la neno ndiyo, kwa mnyama hapana. *Zorrillo*, au *zorrino* kwa Waargentina, au *chingue* kwa Wachile, ni "skunk", yule anayerusha harufu. Sasa jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kiingereza kina neno "zorilla", lililotoka kwenye Kihispania hichohicho, lakini ni jina la kicheche wetu, *Ictonyx striatus*. Mfasiri anayesikia *zorrillo* na kuandika "zorilla" amemhamisha kicheche wa Dodoma hadi Bolivia. Wanafanana rangi na harufu, kwa hiyo hata picha haitakuokoa.

Ndege nao?

*Avestruz* wa nyanda za Argentina si mbuni, ni *ñandú*, "rhea". Yule mdogo wa Patagonia ni *choique*, "lesser rhea" au "Darwin's rhea". *Perdiz* si kwale, ni "tinamou". *Gallinazo* wa Peru, *jote* wa Chile na *zamuro* wa Venezuela ni tumbusi, "vulture". Uliza kama kichwa ni cheusi au chekundu ndipo uandike "black vulture" au "turkey vulture". *Carpintero* ni kigogota, "woodpecker". Na tumbusi, kwa msomaji wa Uingereza, usimwite "buzzard", kwao ni ndege mwingine kabisa.

*Picaflor* ni "hummingbird", na kwa hapa Kiingereza hakina shida. Shida ni ya atakayekipeleka Kiswahili, ambaye mkono utamwasha kuandika "chozi". Chozi ni ndege wa kwetu, hummingbird hayupo Afrika. Wanafanana kwa sababu wote wanafyonza maua, kama *tigre* na chui milia wanavyofanana kwa kuwa wote ni paka.

Kwenye ripoti ya Patagonia nimeona *mara*. Ni mto?

Mto Mara uko kwetu, tulia. Kule *mara* ni mgugunaji mwenye miguu mirefu anayekimbia kama sungura, ndiyo maana pia huitwa *liebre patagónica*. Kiingereza ni "Patagonian mara". Ndugu yake wa karibu ni *cuy*, ambaye Waingereza humwita "guinea pig" ingawa hatoki Guinea na si nguruwe.

Ni lini niache jina la kienyeji kama lilivyo?

Linapokuwa sehemu ya usemi wa mtu, wimbo, hadithi au jina la mahali. Mvuvi mzee wa Iberá, vinamasi vya Argentina, akisema *yaguareté*, na filamu yote inahusu kumrudisha mnyama huyo katika ardhi alimokuwa ametoweka, mimi naliacha mdomoni mwake na kuweka "jaguar" kwa msimulizi. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe. Kwenye jedwali la takwimu siachi kitu: kila safu jina moja la Kiingereza na moja la kisayansi.

Kuna pia majina ambayo Kiingereza kimeyameza: "guanaco", "pudu", "coati", "condor". Hayo yaandike bila kujitetea. Na kuna ambayo Kiingereza kimeyabadilisha kabisa. *Pichiciego*, armadilo mdogo wa mchangani anayeenea kiganjani, Kihispania kinamwita kipofu, Kiingereza "pink fairy armadillo". Ukifasiri kwa neno, hakuna atakayemtambua.

Herufi kubwa, alama na jinsia?

Kihispania huandika majina ya wanyama kwa herufi ndogo. Kiingereza vilevile, isipokuwa machapisho ya ndege, ambayo mengi huandika "Andean Condor". Fuata mtindo wa mteja. Alama ya *coatí* na *pudú* huanguka. "Vicuña" wengi huibakizia ñ yake.

Jinsia ndiyo ya kuangalia. *La vicuña* si lazima awe jike na *el puma* si lazima awe dume, ni sarufi tu. Usiandike "she" hadi uone *hembra*, yaani jike, au umwone akinyonyesha.

Mimi napokea Kiingereza na kukitia Kiswahili. Kuna la kunisaidia?

Omba Kihispania cha awali, hata kama hukisomi, uone jina la kisayansi lililopotea njiani. Usimwite armadilo kakakuona: kakakuona ana magamba ya aina nyingine na hana meno kabisa. Usimwite "giant anteater" muhanga, ingawa wote wanakula mchwa. Jagwa, puma, tapiri, armadilo: masikio ya watoto huzoea maneno haya kwa siku moja, nimejaribu kwa wangu. Wa kwanza kulalamika alikuwa babu yao, aliyetaka kujua kwa nini jagwa asiitwe chui tu, na nilipomweleza akauliza kama huko kwao wanamwita nani. Nikamwambia, *tigre*.